Nukta ya Nane

Mwalimu wetu wa kemia alifuga kuku wa nyama. Vifaranga wake waliishi kwenye stoo ya maabara, chini ya taa, kwa kuwa upande ule wa shule umeme ulikuwa haukatiki ovyo, na sisi tulijifunza habari za klorini na ndugu zake huku wakilia nyuma ya ukuta. Simsemi vibaya. Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Maduka ya Morogoro yalijaa sabuni, redio za kaseti na mitumba ya kila aina, vitu ambavyo tukiwa wadogo tulivisikia tu, na mshahara wa mwalimu ulipita mbele ya maduka hayo bila kuthubutu kuingia. Kila mwalimu alikuwa na mradi wake. Wa Siasa alikuwa na cherehani, wa Jiografia alikuwa na kibanda cha soda, na asiyekuwa na mradi alionekana hajachangamka.

Ila huyu bwana kuku, akishika chaki, alikuwa mwalimu kwelikweli. Ndiye aliyetufundisha kukagua ioni.

Naomba msomaji anivumilie kidogo hapa, maana bila hili mengine hayataeleweka, na wala si jambo gumu. Kila atomu ina elektroni zake za nje, ndizo zinazoshughulika na majirani. Unaandika herufi ya elementi katikati, unaizungushia elektroni hizo kwa nukta. Atomu ikipokea elektroni au ikipoteza inakuwa ioni. Unaifunga kwenye mabano ya mraba na kuiwekea chaji begani, alama ya kujumlisha kama imepoteza, alama ya kutoa kama imepokea. Sasa mtu akikuletea mchoro wa namna hiyo, utajuaje kama ni halali? Mwalimu alisema, usiutazame, uhesabu. Anza na elektroni ambazo kila atomu imekuja nazo kutoka kwao. Ongeza moja kwa kila alama ya kutoa, punguza moja kwa kila alama ya kujumlisha. Hiyo ndiyo jumla unayopaswa kuikuta. Halafu hesabu nukta zilizochorwa. Zikilingana, angalia tena kama kila atomu imezungukwa na nane, isipokuwa haidrojeni anayetosheka na mbili, na zile metali zilizogawa zote zikabaki mikono mitupu. Kitu kimoja kikikosekana, mchoro si halali, hata uwe umechorwa kwa rula.

"Macho yanazoea," alikuwa akisema, "na yakishazoea yanaacha kuona. Gusa kila nukta."

Nilimwamini. Mpaka leo sijaamua kama nimshukuru au nimsamehe.

Likizo ya katikati ya mwaka nilipanda kwetu, upande wa Matombo, kwa lori lililokuwa likifuata ndizi. Nyumba yetu ilikuwa kwenye mteremko, katika shamba ambalo mama alipewa na mama yake, na msimu ule uwanja mzima ulikuwa umetandikwa mikeka ya pilipili manga zilizoanikwa. Kwa mtu aliyejaa nukta kichwani, pale palikuwa pepo. Niliandika herufi kwa mkaa kwenye kipande cha boksi, nikavunja njiti za kiberiti zikawa mabano, nikazipanga pilipili mbilimbili kila upande. Nilitengeneza ioni ya klorini, ya oksijeni, ya salfa, na ile ya amonia yenye haidrojeni wanne, kisha nikaziharibu kwa makusudi, nikafumba macho, nikazungusha boksi na kuzikagua upya.

Mama akanikuta nimepiga magoti.

"Ndiyo shule hiyo? Unacheza bao peke yako?"

"Sichezi, mama. Nakagua ioni."

"Kagua, lakini pilipili zangu zirudi mkekani zote. Mchuuzi wa Moro hanunui pilipili iliyosoma."

Akaenda zake jikoni, akarudi, akachuchumaa karibu yangu na mwiko mkononi. Mama hakuweza kuona watu wamepangwa mahali asiulize habari zao.

"Huyu nani?"

"Oksijeni."

"Kaja na ngapi?"

"Sita."

"Na hizi mbili za huku?"

"Kapewa. Ndiyo maana begani ana alama mbili za kutoa."

"Kapewa, halafu mkamwandikia kutoa."

"Ndivyo walivyoandika wenyewe, mama."

"Haya," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeamua kutogombana na serikali. Lakini toka siku hiyo ikawa kila akipita ananiuliza kama oksijeni ametimia, na mimi nikawa namwita aje kuhakikisha.

Kulikuwa na sababu ya mama kuzijali zile pilipili zilizosoma. Sista wa zahanati ya misheni alikuwa amemwambia kwamba chuo cha uuguzi kimeiachia parokia yetu nafasi moja, na kwamba mwaka ule ataichukua binti atakayefaulu kemia na baiolojia kidato cha nne. Baiolojia sikuwa na wasiwasi nayo. Kemia nilikuwa naiweza lakini ilinitisha. Mama alishaanza kuniita nesi mbele ya majirani, jambo nililomkataza na yeye hakukatazika. Nilijifanya nakasirika. Ukweli ni kwamba nilitaka sana. Nilitaka yale magauni meupe, nilitaka kujua kwa nini mtu huyu anapona na yule hapana, na zaidi ya yote nilitaka kazi ambayo mtu haamki asubuhi akiwa hajui kama mvua itamkubalia.

Niliporudi mjini kwa mama mdogo, Mji Mpya, nikakuta shuleni kuna tangazo. Dawa za maabara, ambazo zamani zilikuja kwenye maboksi kutoka serikalini, sasa shule ilipaswa kuzinunua yenyewe kwenye maduka ya Dar es Salaam kwa michango ya wazazi. Michango haikutosha. Kwa hiyo kikao kilikuwa kimeamua kwamba atakayeanguka kemia kwenye mock, mtihani wa majaribio, ataondolewa katika mtihani wa taifa wa somo hilo, ili dawa ziwatoshe waliobaki. Mock tuliyokuwa tumeizoea kama mazoezi ikawa ndiyo hukumu. Nilisoma lile tangazo, nikaenda kukaa chini ya bomba la maji mpaka moyo ulipotulia. Kemia ikiondoka, uuguzi unaondoka nayo.

Mitihani ya mock ilidurufiwa palepale shuleni. Siku hizo mjini maduka ya fotokopi yalikuwa yameanza kufunguliwa, lakini hayo yalikuwa ya wenye nazo. Sisi tulikuwa na mashine ya kuzungusha kwa mkono. Mwalimu alichapa swali kwenye stensili, ile karatasi laini yenye nta, michoro akaichora kwa kalamu ya chuma, kisha stensili ikavishwa kwenye pipa la mashine na mhudumu akazungusha. Karatasi zikatoka moja moja, nyeusi, zikinuka mafuta. Asubuhi za baridi, wingu likiwa limeshuka kutoka milima ya Uluguru mpaka kwenye mabati, wino ulikaza, karatasi nyingine zikatoka zimefifia na nyingine zimechafuka. Tulizoea. Neno likikosa herufi tulilijaza wenyewe kichwani, tukaendelea.

Swali la nne lilikuwa la ioni. Michoro kadhaa, kila mmoja ndani ya mabano yake, na maelekezo kwamba tuseme upi ni halali na upi si halali, tukitoa sababu. Kwa kila mchoro kulikuwa na alama mbili, moja ya jibu na moja ya sababu. Nilipoliona nilitamani kucheka kwa furaha. Nilichukua penseli, nikafanya kama nilivyokuwa nikifanya mkekani, nikachoma kila nukta kwa ncha, kitobo kidogo, huku nikihesabu kimoyomoyo. Sodiamu alikuwa mtupu kama inavyotakiwa. Klorini nane. Magnesiamu ameandikiwa kupoteza mbili na bado kabaki nazo, si halali. Nikafika kwa oksijeni. Juu mbili, kushoto mbili, chini mbili, kulia moja.

Nikarudia. Saba. Begani alama mbili za kutoa zilionekana wazi. Sita alizokuja nazo, mbili alizopewa, jumla nane; zilizochorwa saba. Pale kulia palipotakiwa kuwa na ya nane palikuwa peupe kabisa, si nukta iliyofifia wala doa. Nilijua kwamba mashine yetu hukosea. Pia nilijua kwamba swali lenyewe lilikuwa la kutafuta makosa, na mwalimu yule alipenda mitego ya namna hiyo, nukta moja tu inaondolewa mahali ambapo macho yamezoea. Nitatambuaje mtego na kosa la mashine, wakati vyote viwili ni nafasi nyeupe?

Nikanyoosha mkono. Msimamizi alikuwa mwalimu wa Siasa.

"Mwalimu, swali la nne, huu mchoro wa nne, sina hakika kama umetoka wote."

Hakuja hata kuangalia. Alikuwa anatoa nyuzi kwenye pindo la suruali ya mteja wake.

"Jibu ulichopewa," alisema.

Nikajibu nilichopewa. Niliandika kwamba ioni ile si halali, kwa sababu elektroni zake zinatakiwa kuwa nane na zilizochorwa ni saba. Niliandika kwa mwandiko mzuri. Nilitoka nimeshiba.

Majibu yalibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya taaluma. Mstari ulipigwa kwa kalamu nyekundu kwenye arobaini, na mimi nilikuwa chini ya mstari, kwenye thelathini na nane. Makaratasi ya majibu yaliporudishwa niliyafungua palepale, kwa sababu nilikuwa najua hesabu zangu, na nikaukuta mkasi mwekundu, alama ya kosa, juu ya jibu la oksijeni. Sifuri kati ya mbili. Pembeni mwalimu alikuwa ameandika neno moja la kuniuliza, la Kiingereza, maana yake kwa nini.

Rafiki yangu tuliyekaa dawati moja alikuwa amepata. Nikamuuliza oksijeni wake alikuwa na ngapi.

"Nane, si oksaidi?" akasema, akiiita ioni ya oksijeni kwa jina lake la kitabuni.

"Nauliza ulizihesabu?"

"We nawe! Oksaidi ni nane, kila mtu anajua. Sasa ulikuwa unahesabu nini?"

Nikazunguka darasa zima kuuliza. Hakuna aliyehesabu. Waliona herufi, wakaona mabano, wakaona alama mbili begani, wakaandika halali, wakaenda mbele. Huenda nusu yao walikuwa na saba kama mimi. Hawakujua, na hawakuwa na haja ya kujua, maana walikuwa juu ya mstari. Hapo ndipo niliposhikwa na hasira ya aina ambayo sijawahi kuipata tena, hasira isiyo na mtu wa kupelekewa.

Dawa yake ilikuwa moja, kuipata ile karatasi ya maswali. Lakini shule yetu haikuwa inaacha karatasi za maswali zikaondoka na wanafunzi. Zilidurufiwa upande mmoja tu, kwa sababu wino ulipenya, na karatasi ilikuwa mali. Zilikusanywa. Nikaenda kwa mtunza stoo, nikamwamkia, nikamweleza. Alinitazama kwa huruma.

"Hizo zimeshakwenda kwa mama wa karanga, binti. Tangu wiki iliyopita."

Kila mtu mjini alifungia bidhaa zake kwenye mitihani. Ukinunua karanga ulipata bure swali la historia. Andazi lilikuja limejichapa jedwali la elementi mgongoni. Mama wa karanga alikaa nje ya stesheni ya reli, mahali ambapo treni ya kwenda Ngerengere na Dar ilimletea wateja, sinia mbele, rundo la makaratasi chini ya paja lake ili upepo usichukue.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ya chumvi au isiyo na chumvi?"

Nilimweleza kwamba sitafuti karanga, natafuta mtihani. Alidhani nataka kuiba majibu, akacheka, akasema nimechelewa, mtihani umeshafanywa. Nikamweleza tena, tangu kwenye nukta. Sidhani kama alielewa, lakini aliona uso wangu. Akainua paja, akanipa rundo lote.

"Chambua. Usinichanganyie tu."

Nilikaa chini, mgongo kwenye ukuta wa stesheni, nikachambua. Nilikuta karatasi nyingi za kemia. Nyingine oksijeni alikuwa na nane safi. Nyingine alikuwa na saba! Niliishika hiyo ya kwanza kama mtu aliyeokota pete yake, kisha nikakumbuka kwamba haina jina. Karatasi za maswali hazikuandikwa majina. Karatasi ya nukta saba ilikuwepo duniani, sawa, lakini nani angesema ilikuwa juu ya dawati langu? Ilibidi niipate yenyewe, ile yenye vitobo vya penseli. Rundo likaisha. Haikuwemo. Nikamrudishia mama rundo lake, nikasimama, na hapo nikaiona. Ilikuwa tayari imeviringishwa, imejaa karanga, imesimama kwenye sinia pamoja na wenzake, na kwenye shavu la ule mviringo klorini alikuwa ananitazama akiwa na vitobo vyake vinane.

Mama wa karanga alimwaga karanga kwenye karatasi nyingine, akanipa ile. Nilipotaka kumlipa alinifukuza kwa mkono.

Nikaipeleka kwa mwalimu wa kemia ikiwa na chumvi na mafuta yake. Alikuwa anachanganya chakula cha kuku. Alijipangusa, akaikunjua juu ya meza ya maabara, akaweka kidole. Aligusa kila nukta, kama alivyotufundisha. Alipofika upande wa kulia kidole kikasimama. Kisha akainua karatasi kwenye dirisha, akaona vitobo vyangu vikipitisha mwanga. Kwenye oksijeni vilikuwa saba, na pale pa nane karatasi ilikuwa nzima.

"Ulihesabu," alisema.

"Ndiyo, mwalimu."

"Na wenzako, darasa zima?"

"Simjui mwingine aliyehesabu."

Nilidhani sasa mambo yamekwisha. Nilimwona alivyofurahi, nikadhani furaha ya mwalimu ni kitu chenye nguvu. Akaniambia nimfuate kwenye stoo. Mashine ya kudurufu ilikuwa mle mle, hatua chache kutoka kwa vifaranga, na stensili zilizotumika zilikuwa zimeanikwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, maana zilihifadhiwa mwaka ujao zitumike tena. Akaitafuta ya kemia, akaitanda kwenye dirisha. Mwanga ulipita kwenye kila tundu la kalamu yake. Tulihesabu wote wawili, kwa sauti. Zilikuwa nane.

Juu ya stensili, karibu na pale, kwenye wino uliokauka, kulikuwa na unyoya. Unyoya mdogo sana wa njano, wa kifaranga, wa kupulizwa. Niliuona, na nikamwona mwalimu akiuona. Aliubandua kwa ukucha, akautazama, akaufuta kwenye suruali yake. Sijui kama ndio ulioziba. Inawezekana wino ulikaza tu. Ninachojua ni kwamba vifaranga waliendelea kupiga kelele, na mwalimu aliinamisha kichwa kama mtoto aliyefinywa.

Sharti nimpe haki yake, alikwenda kwa mkuu wa shule siku hiyohiyo, na alinichukua. Mkuu wa shule alikuwa mama mpole aliyechoka, mwenye mafaili mpaka kwenye kiti cha wageni, kwa hiyo tuliongea tumesimama. Alisikiliza yote. Aliishika karatasi yangu kwa ncha za vidole kwa sababu ya mafuta.

"Imetoka wapi?"

"Stesheni, kwa mama wa karanga."

"Nitajuaje hukuikwangua kwa wembe?"

Mwalimu akasema, "Haijakwanguliwa, madam. Angeikwangua pangekuwa pamechubuka."

"Mwalimu, stensili inasemaje?"

Mwalimu akaitazama karatasi yangu. "Stensili ina nane."

"Basi mtihani una nane."

Nilisikia mdomo wangu ukisema, "Madam, mimi sikupewa stensili."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Akavua miwani, akaniambia kwa upole kabisa kwamba ananiamini. Akasema tatizo si mimi. Kama kuna karatasi za saba, wapo waliopewa saba wakajibu halali, na hao wamepata alama ambazo si zao. Akinipa mimi zangu, itabidi awanyang'anye wao zao, na atawajuaje, na karatasi ziko tumboni mwa treni zimefunga karanga? Hesabu ya dawa ilishafanyika. Majina yalishakwenda mkoani.

"Niambie wewe," aliniuliza, "ungekuwa mimi ungefanyaje?"

Alikuwa anauliza kweli. Nilitafuta jibu. Nilisimama pale ofisini kwake na kulitafuta kwa uaminifu wote, na sikulipata. Hicho ndicho kilichonivunja, kwamba hata nilipopewa kiti chake sikujua la kufanya. Nilisema asante, nikatoka. Kwenye varanda mwalimu aliniwekea mkono begani, akataka kusema kitu, akaishia kuniuliza kama napenda kuku. Jioni ile alimleta mmoja Mji Mpya, amefungwa miguu, akampa mama mdogo. Mama mdogo alishukuru sana. Mimi sikumla.

Nilimtafuta hata mwalimu wa Siasa. Nilimkumbusha kwamba nilinyoosha mkono, kwamba nilimwambia mchoro haujatoka wote. Alikumbuka vizuri, wala hakukataa.

"Nilikwambia jibu ulichopewa," alisema. "Kwani hukujibu?"

"Nilijibu."

"Basi," alisema, akarudi kwenye cherehani.

Walipoanza kufanya majaribio ya maabara, sisi tuliokuwa chini ya mstari tulipewa kipindi cha kujisomea. Tulisikia chupa zikigongana upande wa pili. Harufu ya amonia ilikuwa inapita dirishani, na mimi nilikuwa namjua amonia kuliko wengi wa waliokuwa wanamnusa, na kumjua huko hakukunisaidia kitu.

Mwezi wa tisa tukapewa likizo fupi. Nikapanda tena na lori la ndizi. Barabara ilikuwa mbaya kama kawaida, tukashuka mara kwa mara kulisukuma, na kila lilipokwama nilifurahi, kwa sababu nilikuwa nakwenda kusema jambo ambalo sikujua litatokaje mdomoni. Nilimkuta mama uwanjani anapepeta pilipili za mwisho za msimu, gunia limejaa pembeni yake, mdomo wazi.

"Nesi amefika!" akapiga kelele, ili jirani wa juu na wa chini wasikie.

Nikamwamkia. Nikakaa mkekani. Nikamwambia kwamba wameniondoa kwenye kemia. Akaacha kupepeta. Akauliza kwa nini, na mimi nikaanza kueleza, mashine, stensili, karanga, madam, unyoya, na nilivyozidi kueleza ndivyo uso wake ulivyozidi kupotea, mpaka nikaona naongea na mtu aliyesimama ng'ambo ya mto. Mama hakuwa mjinga. Ni kwamba habari yenyewe haikuwa na mahali pa kushika. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyenionea, hakuna wa kulaaniwa.

Nikaokota kipande cha boksi. Nikaandika herufi kwa mkaa, nikaweka njiti za kiberiti. Nikazipanga pilipili, juu mbili, kushoto mbili, chini mbili, kulia moja.

"Karatasi yangu ilikuwa hivi," nikasema.

Mama akainama. Akazigusa moja moja kwa kidole, midomo ikitembea.

"Saba," akasema.

"Saba."

"Na alitakiwa nane."

"Ndiyo."

"Ndiyo hii tu?"

"Ndiyo hii tu, mama."

Aliitazama ile nafasi, akanitazama mimi, na nilimwona akitafuta, kama mimi nilivyotafuta ofisini kwa madam. Kisha akageuka, akatumbukiza mkono kwenye gunia mpaka kwenye kiwiko, akautoa umejaa, pilipili zikimwagika kwenye mapaja yake. Akachagua moja nzuri, ya mviringo. Akaiweka pale kulia, akaisogeza kidogo kwa ukucha ikae sawa na mwenzake.

"Hiyo hapo," akasema. "Zimejaa. Kawaambie ametimia."

Nilizihesabu kwa kidole, nikigusa kila moja. Sita alizokuja nazo, mbili za kupewa. Ilikuwa halali.